Kärkevagge: mlima unaondoka na maji masafi

Ukiona picha ya bonde la Kärkevagge, kule kaskazini kabisa mwa Sweden karibu na mpaka wa Norway, macho yanaenda kwenye mawe. Juu magenge yamesimama wima, chini yake marundo ya mawe yameegemea mlima, na huko bondeni majabali mengine ni makubwa kama nyumba, kwa hiyo mtu anasema haraka haraka kwamba miteremko hii imetengenezwa na mawe yanayodondoka, basi.

Sio uongo, ila habari haiishii hapo. Bonde lilichongwa na barafu nene iliyokuwa inatambaa, ilipoyeyuka kama miaka 10,000 iliyopita ikaacha kuta hazina cha kuzishikilia. Maji yanaingia kwenye nyufa, yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, jiwe linapasuka linashuka. Mwinamo wa rundo unafika digrii 35 hivi, zaidi ya hapo mawe yanabingirika yenyewe.

Sasa mwanajiografia Anders Rapp, kuanzia 1952 mpaka 1960, alikuwa anarudi palepale kupima kila kinachoshuka: mawe, theluji iliyobeba uchafu, tope, udongo unaotambaa polepole, pamoja na chumvi zilizoyeyuka kwenye vijito. Hiyo ya mwisho ndo ikashinda zote! Yaani maji ambayo ukiyatazama huoni kitu ndani ndo yanapunguza mlima kuliko mawe yote yanayoporomoka kwa kishindo. Baadae ikaja kuonekana kwamba miamba ya pale ina pairaiti, madini ya chuma na salfa, ikikutana na hewa na maji inatoa asidi ya salfuriki, asidi inakula mwamba hata kwenye baridi ile.

Ya pili ni tope. Oktoba 1959 ilinyesha zaidi ya milimita 100 ndani ya siku moja na miteremko ikachanika.

Na Rapp huyuhuyu alikuja kufanya kazi kwetu Morogoro, Tanzania. Kule Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, Februari 1970, mvua ya masaa machache ilileta maporomoko zaidi ya 1,000, karibu yote kwenye mashamba na nyasi, msituni machache mno, jambo ambalo mimi naona kila anayelima Uluguru anastahili kuambiwa.

Lakini kwa sababu ya zile chumvi za Kärkevagge, nikifundisha miteremko naanzia kijitoni: tunachota maji, tunayachemsha mpaka yakauke, halafu tunaangalia ule ukoko mweupe uliobaki kwenye sufuria.