Kiinua mgongo si mafao

Kampuni ikianza kunong'ona habari za kupunguza watu, hakosi mtu wa kusema: "Bora niache mwenyewe, nikachukue kiinua mgongo changu NSSF." Sentensi moja, makosa mawili, na lile la kuacha mwenyewe ndilo lenye gharama.

Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya 2004, kiinua mgongo ni fedha anayolipa mwajiri anapokuachisha kazi baada ya kumtumikia miezi 12 mfululizo au zaidi. Kiwango cha chini ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Kenya ni siku 15 kwa mwaka, na hulipwa kazi inapopunguzwa.

Neno lenyewe limeundwa kama kifungua kinywa na kitinda mimba: ki-, kitenzi, kisha jina. Ndiyo maana i ni mbili. Anayeandika "kinua mgongo" ameimeza ile ya kuinua. Na mgongo unaotajwa ni ule ulioinama, wa mpaliliaji, wa dobi, wa mchukuzi. Kazi ikiisha, kinahitajika kitu cha kumnyoosha.

Picha ni nzuri mno, na hapo ndipo balaa linapoanzia, kwa sababu inanukia hisani. Watu hukitia kiinua mgongo kapu moja na bahashishi, na bosi mjanja hujibu, "Tutakufikiria." Bahashishi ndiyo hufikiriwa. Kiinua mgongo hudaiwa, na kulipwa kwake hakufuti mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo wala notisi.

Mafao ni jambo jingine kabisa. Hayo hutoka kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, kama NSSF, kwa michango iliyokatwa kila mwezi, na yana masharti yake. Mazungumzo ya kila siku hulitumia neno kiinua mgongo hata kwa mkupuo wa mstaafu au fedha za mbunge mwisho wa muhula. Sina ugomvi na hilo barazani. Ugomvi ni pale mtu anapopangia maisha kwa neno la barazani, kwani sheria hii haimpi kiinua mgongo aliyefikia umri wa kustaafu wala ambaye mkataba wake umeisha muda. Aliyefukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu naye hapati, na hata wa kupunguzwa anaweza kukikosa akikataa bila sababu ya msingi kazi nyingine aliyopewa badala yake.

Hesabu yenyewe huvurugwa na watu wawili: mfanyakazi anayejumlisha posho ya nyumba na usafiri, na mhasibu anayegawanya mshahara kwa 30. Jedwali la sheria linagawanya mshahara wa mwezi kwa 4.333 mara siku za kazi za wiki. Mwenye msingi wa shilingi 780,000 anayefanya kazi siku 6 kwa wiki anagawanyiwa kwa takriban 26, yaani 30,000 kwa siku, 210,000 kwa kila mwaka. Akiwa na miaka 6 na miezi 9, ile miezi 9 inapotea: 1,260,000. Mwenye miaka 14 anaishia 2,100,000. Si fedha ya kujengea nyumba, lakini ni kodi ya miezi kadhaa wakati unatafuta kazi nyingine, na kwa mtu aliyetoka ghafla hilo si dogo.

Kwa hiyo ndugu yangu akisema anaacha kazi akachukue kiinua mgongo, muulize kwa upole barua ya kuvunja ajira ataiandika nani. Ikiwa ni yeye, anachokingoja NSSF kinaitwa mafao, na kiinua mgongo atakuwa amekisamehe mwenyewe kwa kusaini.