Kupiga rangi pikapu kuukuu nyumbani: yanayosemwa na ukweli wake

Mwenye pikapu ya zamani akitaja tu kwamba anataka kuipiga rangi mwenyewe uani, hakosi mtu wa kumwambia kuwa bila oveni anatupa hela. Oveni ndilo jina tulilokipa chumba cha kupulizia rangi. Onyo hilo lina ukweli ndani yake, ila si ule ambao wengi huufikiria. Chumba kile kinafanya kazi tatu: kinachuja vumbi la hewa inayoingia, kinashikilia joto mahali pamoja, na kinanyonya ukungu wa rangi pamoja na mvuke wa thina na kuutoa nje. Vumbi uani lina dawa yake. Joto unalikwepa kwa kuchagua saa. Ile kazi ya tatu ndiyo isiyo na mbadala wa bei rahisi, na ndiyo haitajwi kabisa watu wanapobishana.

"Rangi ya oveni ni rangi ya aina yake."

Kopo ni lilelile. Kiwandani, bodi tupu isiyo na viti, nyaya wala matairi hupitishwa kwenye joto la nyuzi 140 hivi za Selsiasi. Gereji haiwezi kulichoma hivyo gari zima. Plastiki na mipira vingeharibika. Oveni ya gereji hupanda hadi nyuzi 60 au 70, ili rangi yenye hadena (kigandishi kinachochanganywa na rangi kabla ya kupuliza) ikauke kwa nusu saa badala ya kulala usiku kucha. Rangi hiyohiyo ikikaukia kwenye hewa ya Dar es Salaam au Mombasa inakomaa pia, ila inataka siku kadhaa kabla ya kuoshwa kwa sabuni au kupigwa polishi. Kinachopotea ni muda, na hatari ya vumbi kutua rangi ikiwa bado mbichi.

Na vumbi lenyewe tunalipa heshima kubwa kuliko linavyostahili. Mwagia maji uwanja kabla hujaanza, tundika turubai safi upande upepo unakotoka, vaa nguo zisizotoa manyoya, na usikae chini ya mwembe hata kama kivuli chake kinavutia, maana utomvu, majani na wadudu havikuombi ruhusa. Chembe zitakazotua hata hivyo huondolewa rangi ikishakauka, kwa msasa wa maji namba 1500 au 2000, kisha kompaundi, ile dawa nzito ya kung'arishia.

"Kutu inafunikwa na puti."

Hapa ndipo kazi nyingi za uani hufia, na za oveni pia. Kutu ya mlango haianzii nje. Chini ya kila mlango kuna vitundu vya kutolea maji. Vikizibwa na tope na majani, maji hukaa ndani na kulila bati kutoka upande usiouona. Kwa pikapu zinazoishi Tanga, Zanzibar au Malindi, chumvi ya bahari huharakisha kazi hiyo. Ukiona kivimbe kidogo kwenye ukingo wa mlango, huenda bati limeshabaki ganda tu. Ligonge kwa mpini wa bisibisi: bati zima hulia, bati lililoliwa hutoa sauti iliyokufa. Geuza bisibisi usukume kwa ncha. Ikipenya, hakuna cha kupaka hapo, ni kukata na kuchomelea kipande kipya. Dawa za kutu zenye asidi ya fosforasi zina kazi yake, lakini ni kwa kutu ya juujuu ambayo bado ina bati zima chini yake.

Kisha puti yenyewe. Mazoea ya mafundi wengi ni kuisugua kwa maji kwa sababu vumbi lake linakera. Puti ni unga wa mawe ulioshikwa na gundi ya poliesta, na unga ule hunywa maji. Ukiyafungia maji hayo chini ya praima (rangi ya chini ya kushikia), masika yakipita utaona vivimbe palepale puti ilipokaa, na lawama zitaenda kwa rangi. Puti husuguliwa kavu: namba 80 kupata umbo, 180 kufuta mikwaruzo, barakoa ya vumbi ikiwa usoni. Maji yaje baadaye juu ya praima, kwa namba 400 na 600. Kitu kimoja ambacho maji yanafaa tangu mwanzo ni kusugua rangi kuukuu yenyewe, hasa nyekundu, njano na chungwa za miaka ya zamani, kwa kuwa nyingi zilikuwa na risasi, na vumbi lake si la kuvuta wala la kuacha watoto wachezee.

Kabla ya kusugua praima, puliza ukungu mwepesi sana wa rangi nyeusi juu yake, iache ikauke, kisha pitisha msasa uliofungwa kwenye kipande cha mbao bapa. Nyeusi itafutika kwenye miinuko na kubaki kwenye mabonde. Boneti uliyoapa kuwa imenyooka itakuonyesha madoa meusi kama ngozi ya chui, na kila doa ni mahali ambapo mwanga ungekuumbua siku ya kwanza barabarani.

"Praima ikishapigwa gari liko salama, rangi itasubiri mshahara."

Praima ya kawaida ya kujazia hupitisha maji. Pikapu inayozunguka mtaani ikiwa ya kijivu wiki baada ya wiki inajenga kutu mpya chini ya kazi yako. Kama hela inakuja kidogokidogo, nunua praima ya epoksi. Hiyo huzuia maji na inaweza kusubiri, ila ukichelewa sana itabidi uikwaruze upya kabla ya kuendelea.

Wenye Land Rover za zamani hupenda kusema magari yao hayali kutu. Bodi ni aloi ya alumini, kweli, lakini chesisi ni chuma, na hata ule ukuta kati ya injini na dereva ni chuma. Alumini nayo, pale inapogusana na chuma penye unyevu, huoza na kuwa unga mweupe. Praima ya kawaida haiishiki vizuri. Inataka ile yenye asidi inayong'ata bati kwanza. (Kijani cha Land Rover za kwanza za 1948 kilikuwa mabaki ya rangi ya ndege za kivita, kwa hiyo anayetafuta "rangi halisi" anatafuta bidhaa ya ziada ya jeshi.)

"Jua likiwaka ndiyo rangi inakauka vizuri."

Saa 7 mchana bati la boneti huunguza kiganja. Rangi ikitua hapo, uso wake hufunga kabla thina ya chini haijatoka. Thina hiyo baadaye hupasua njia na kuacha vitundu vidogo kama vya sindano. Au matone hukaukia hewani kabla ya kufika, na gari linakuwa la kukwaruza mkono. Upande wa pili, jioni na siku za mvua, unyevu hutua juu ya rangi mbichi, na ile ya NC (rangi ya selulosi, isiyo na hadena) hufanya utando mweupe. Kwa mwambao, saa nzuri ni kuanzia umande unapokauka hadi saa 4 au 5 asubuhi, kabla upepo wa bahari haujaamka. Muuzaji rangi akikuuliza thina ipi, taja ya joto, ile inayokauka polepole. Bei yake iko juu kidogo na wengi wanaiacha kwa sababu hiyo.

Kufuta mafuta kwa petroli ni kosa jingine la siku zote. Petroli ya pampu ina viungo vinavyobaki kwenye bati, na kopo lake wazi ni moto unaosubiri. Tumia kisafishio cha duka la rangi, kwa vitambaa viwili: kimoja cha kupaka, kingine kikavu cha kufuta kabla hakijakauka. Kama gari liliwahi kupakwa polishi za silikoni za kung'arishia matairi na dashibodi, rudia, la sivyo rangi itajitenga na kuacha vishimo vya mviringo.

Kompresa ya fundi pancha? Itapuliza, lakini kwa madigadi moja kwa wakati. Bunduki nyingi za kisasa za kupulizia rangi hunywa hewa nyingi kuliko mtungi mdogo unavyoweza kutoa, na presha ikishuka katikati ya boneti, matone huwa makubwa. Mwaga maji ya mtungi kabla ya kuanza na weka kichujio cha maji kwenye mpira.

"Kupaka kwa rola ni aibu."

Magari mengi yalipakwa kwa brashi mpaka bunduki ya kupulizia ilipoenea. Thomas DeVilbiss wa Toledo, Marekani, aliitengeneza mwaka 1907 kutokana na kipulizio cha dawa ya koo kilichobuniwa na baba yake, daktari. Rola ya sponji, rangi ya mafuta iliyolainishwa vya kutosha, mikono (yaani matabaka) mitano au sita myembamba na msasa katikati, hutoa sura ambayo kwa hatua tano haina kasoro. Itapauka mapema kuliko ya hadena, na dizeli ikimwagika itaacha alama. Kwa pikapu ya kubebea mkaa na majani ya ng'ombe, mimi ningechagua rola bila kusita. Metaliki sahau, iwe kwa rola au kwa bunduki: unga wake hulala vibaya na kuacha mistari. Nyeupe ya kawaida ndiyo inayosamehe zaidi. Na ukibadilisha rangi kabisa, kumbuka imeandikwa kwenye kadi ya gari; Tanzania unapeleka taarifa TRA, mamlaka ya mapato, Kenya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani.

"Ukimaliza kupuliza kunywa maziwa, yanasafisha kifua."

Imani hii iko kila gereji, na pakiti ya maziwa mara nyingine ndiyo kinga pekee anayopewa kijana wa kazi. Maziwa yanakwenda tumboni. Ukungu wa rangi uko kwenye mapafu, na njia hizo mbili hazikutani.

Hadena ya rangi za magari ina isosianeti. Haina rangi hewani, na inadhuru ikiwa bado haijafikia kiwango cha kunusika. Inaingia kwa pumzi na kwa ngozi pia. Mwili ukishaikataa mara moja, kiasi kidogo tu baadaye huleta pumu, na wengine hawarudi kazini tena. HSE, mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza, imeandika kuwa hatari ya mpuliza rangi za magari kupata pumu ni mara 80 hivi ya ile ya wafanyakazi wa nchi hiyo kwa ujumla. Barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Ile yenye kichujio cha makaa huzuia mvuke wa thina, lakini ikichoka kwa isosianeti hakuna harufu ya kukuarifu. Ndiyo maana wenye oveni nzuri hupulizia wakiwa na kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira. Ukungu hubaki hewani hata baada ya kuacha kuonekana, kwa hiyo kuvua barakoa ili uangalie kazi yako kwa karibu ndiyo saa mbaya kabisa.

Kujifungia kwenye banda la nailoni ili kuzuia vumbi huongeza sumu hiyo maradufu, na mvuke wa thina, ulio mzito kuliko hewa, hutambaa chini mpaka kwenye jiko la mkaa la jirani. Feni ya kawaida ya mezani nayo inaweza kutoa cheche.

Kwa hiyo uani tumia rangi isiyo na hadena: NC au ya mafuta, mahali pa wazi, barakoa ya makaa usoni, miwani na glavu. Kama moyo wako uko kwenye mng'ao wa hadena, na nyumba za jirani ziko ukuta kwa ukuta na yako, fanya mwenyewe yote ya chini: kutu, puti, msasa, praima. Hapo ndipo saa nyingi za fundi huliwa. Kisha mfuate mwenye oveni, mwambie gari liko tayari kwa rangi, na mpatane bei ya mikono ya mwisho peke yake.