Tani moja ya kaboni si lazima iwe tani moja

Wengi huamini kwamba hati ya kaboni, yaani cheti kinachouzwa kwa anayetaka kufidia hewa ya ukaa anayoitoa, ikishaidhinishwa, basi tani moja ya hewa ya ukaa imeondolewa angani, sawasawa na tani nyingine yoyote. Imani hiyo inaeleweka, kwani hati yenyewe huhesabiwa kwa tani 1.

Ila tani hiyo mara nyingi haikupimwa, imekadiriwa. Chukua mradi wa kulinda msitu. Kinachohesabiwa hasa ni miti ambayo ingekatwa kama mradi usingekuwepo, na hapo ndipo penye utata. Ukikadiria kwamba hekta 1,000 zingefyekwa, kumbe zingefyekwa 200 tu, sehemu kubwa ya hati ni hewa tupu, hata kama makaratasi yote yamenyooka. Tena wakataji wanaweza kuhamia msitu wa jirani.

Soko la hati za namna hii kwa kawaida ni la hiari, yaani mnunuzi halazimishwi na sheria. Viwango vyake kwa kawaida hutungwa na taasisi binafsi, na mkaguzi hulipwa na mwenye mradi. Hilo halimfanyi mkaguzi kuwa mwongo, lakini ni vyema kulijua.

Kujihakikishia unaweza. Hati ina namba yake. Itafute kwenye rejista, yaani daftari la taasisi iliyoitoa; nyingi ziko wazi mtandaoni. Tazama mwaka, aina ya mradi, na kama imeshafutwa, yaani imetumika na kuondolewa sokoni, maana isiyofutwa bado inaweza kuuzwa. Kisha fungua waraka wa mradi, ruka picha za kupendeza, usome panapoelezwa nini kingetokea bila mradi. Na wenyeji wa ardhi wanapata fungu gani? Waraka ukinyamaza, uliza kwa maandishi.