Mama mwenye VVU anaweza kunyonyesha

Vijijini Uganda, kuanzia Busia hadi Kasese, wapo wanaoamini kwamba mama mwenye VVU lazima azae mtoto mwenye virusi, na kwamba akimnyonyesha anampa sumu. Si kweli, na imani hii inaumiza watu.

Bila dawa, kati ya watoto 100 wa akina mama hao, 15 hadi 45 huambukizwa wakati wa mimba, kujifungua au kunyonya. Mama akimeza ARV, yaani dawa za kupunguza makali ya VVU, kila siku, idadi hiyo hushuka chini ya 5. Uganda ilipitisha mwaka 2012 kwamba kila mjamzito anayepatikana na VVU aanzishiwe dawa hizo za kumeza maisha yake yote, hata kama kinga yake bado ni imara. Mtoto naye hupewa nevirapini ya maji, dawa ya kumkinga na virusi, kisha hupimwa akiwa na wiki 6 hivi.

Kwa hiyo anyonyeshwe: maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, bila maji wala uji. Maziwa ya kopo yakikorogwa kwa maji yasiyochemshwa huleta kuhara, na kuhara huua watoto wachanga.

Kinachonisikitisha zaidi ni minong'ono ya majirani. Wapo akina mama wanaofunga vidonge kwenye kitambaa ili visilie mkobani. Wapo wanaokwepa kituo cha karibu wakapanda boda hadi wasikojulikana. Nauli ikikosekana, dozi inakatika, na hapo ndipo virusi humfikia mtoto. Waume, fuataneni na wake zenu kliniki, mpimwe pamoja, vidonge vikae mezani.