Unakaribia miaka 65 ukiwa Marekani? Maswali na majibu kuhusu Medicare

Waswahili wengi waliohamia Marekani miaka ya tisini na elfu mbili sasa wanakaribia kustaafu. Wamefanya kazi za kutunza wazee, kuendesha malori, kukata nyama viwandani, uuguzi, usafi wa maofisi. Kila wiki ya mshahara walikatwa kodi ya Medicare, lakini wengi hawajawahi kukaa na mtu akawaeleza fedha ile ilikuwa inaelekea wapi. Kinachoumiza ni kwamba wanaopoteza haki zao hapa mara nyingi hawapotezi kwa sababu hawastahili. Wanapoteza kwa sababu tarehe imewapita. Kwa hiyo ukisoma haya, shika tarehe kuliko kitu kingine chochote.

Medicare ni nini, na inatofautianaje na Medicaid?

Medicare ni bima ya afya ya serikali kuu kwa waliotimiza miaka 65, hata kama ni matajiri. Wapo pia wanaoipata mapema: waliopokea malipo ya ulemavu ya Social Security, yaani mfuko wa serikali wa pensheni na ulemavu, kwa miezi 24, na wagonjwa wa figo zilizokufa kabisa. Sheria yake ilitiwa saini na Rais Lyndon B. Johnson tarehe 30 Julai 1965.

Medicaid ni msaada wa matibabu kwa wenye kipato kidogo, na kila jimbo lina masharti yake. Mtu anaweza kuwa nazo zote mbili.

Nitajuaje kama nina haki?

Hesabu inayotazamwa ni ya robo mwaka. Ukiwa umefanya kazi na kulipa kodi kwa robo 40, yaani takriban miaka 10, Sehemu A ya Medicare unaipata bila kulipa chochote kwa mwezi. Miaka hiyo si lazima ifuatane. Fungua akaunti yako kwenye tovuti ya Social Security uone robo ulizonazo. Fanya hivyo ukiwa na miaka 60, usingoje 64, kwa sababu ukikuta una robo 34 bado una muda wa kufanya kazi ukazikamilisha.

Jambo moja linahitaji kusemwa wazi. Kazi ya kulipwa taslimu bila kodi, iwe kusuka nywele, kulea watoto wa watu au kupika chakula cha harusi, haihesabiwi hata kidogo. Nimewaona akina mama waliochapa kazi miaka ishirini na rekodi yao ina robo sita. Aliyejiajiri anatakiwa kupeleka ritani ya kodi kila mwaka ili jasho lake liandikwe.

Mke au mume ambaye hakufanya kazi ya kulipwa anaweza kutumia robo za mwenzake, mradi ndoa imefikisha mwaka mmoja na mwenzake ana angalau miaka 62. Aliyeachika naye ana haki hiyo ikiwa ndoa ilidumu miaka 10 na hajaolewa au kuoa tena. Mjane pia asidhani mlango umefungwa, aende akaulize.

Hizi Sehemu A, B, C na D ni nini hasa?

Sehemu A ni ya kulazwa hospitalini. Mwaka 2026, ukilazwa unatoa dola 1,736 za kwanza mwenyewe, kisha Medicare inabeba siku 60 za kwanza.

Sehemu B ni ya daktari, vipimo, matibabu ya kwenda na kurudi, gari la wagonjwa na vifaa kama kiti cha magurudumu. Hii inalipiwa na karibu kila mtu: dola 202.90 kwa mwezi mwaka 2026, na wenye kipato kikubwa wanalipa zaidi. Unatoa dola 283 za mwanzo kila mwaka, halafu Medicare inalipa asilimia 80 na wewe asilimia 20. Hiyo asilimia 20 haina kikomo. Kwa mafua si kitu. Kwa saratani inaweza kuuza nyumba.

Sehemu D ni ya dawa, na inanunuliwa kwa kampuni binafsi. Habari njema kwa wenye kisukari ni kwamba insulini haizidi dola 35 kwa mwezi, na mwaka 2026 ukishatoa dola 2,100 mfukoni kwa dawa zilizomo kwenye mpango wako, huchajiwi tena mpaka mwaka uishe.

Sehemu C, inayojulikana kama Medicare Advantage, ni njia nyingine ya kupata hizo A na B kupitia kampuni binafsi. Nitairudia chini.

Nijiandikishe lini?

Dirisha la kwanza lina miezi 7: miezi 3 kabla ya mwezi unaotimiza miaka 65, mwezi wenyewe, na miezi 3 baada yake. Aliyezaliwa tarehe 18 Juni ana kuanzia Machi hadi Septemba. Akijiandikisha kabla ya Juni, bima inaanza tarehe 1 Juni. Akijiandikisha Juni au baadaye, inaanza mwezi unaofuata.

Ukiwa tayari unapokea pensheni ya Social Security angalau miezi 4 kabla ya kufikisha 65, utaandikishwa bila kuomba na kadi itakuja kwa posta. Kama hupokei, hakuna atakayekukumbusha kwa uhakika. Na hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa: kwa waliozaliwa 1960 na kuendelea, pensheni kamili ni miaka 67, nao wanadhani Medicare pia ni 67. Sivyo. Medicare imebaki 65.

Mimi ni mkimbizi kutoka Kongo, karatasi zangu zinasema nimezaliwa tarehe 1 Januari. Ina maana yoyote?

Ina maana kubwa. Wakimbizi wengi waliandikiwa tarehe 1 Januari kambini kwa sababu siku halisi haikujulikana. Sheria inasema aliyezaliwa tarehe 1 ya mwezi, mambo yake yote yanasogezwa nyuma mwezi mmoja. Chukua mtu wa 1 Januari 1962. Kwenye karatasi anatimiza miaka 65 Januari 2027, lakini dirisha lake linafunguliwa Septemba 2026 na kufungwa mwisho wa Machi 2027, na bima yake inaweza kuanza tarehe 1 Desemba 2026. Familia ikihesabu kwa kawaida, itakuja Aprili ikiamini huo ndio mwezi wa mwisho, kumbe mlango umefungwa.

Kuna jambo jingine zito. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imebana wanaostahili: raia, wenye green card, na makundi machache mengine, miongoni mwao Wacuba na Wahaiti walioingia kwa utaratibu maalumu. Mkimbizi au aliyepewa hifadhi ambaye hajapata green card hayumo, hata awe na robo 40. Waliokuwa wamo tayari watatolewa ifikapo tarehe 4 Januari 2027. Mkimbizi anatakiwa kuomba green card akishakaa mwaka 1, na wazee wengi wameiacha kwa sababu ya fomu, au kwa sababu hawaoni haja. Mtoto unayesoma haya, waulize wazazi wako leo karatasi zao ziko wapi. Nakuomba sana.

Nina miaka 64 na bado nafanya kazi ghalani. Bima ya kazini si inatosha?

Inategemea mwajiri ana wafanyakazi wangapi. Kama ni 20 au zaidi, unaweza kuahirisha Sehemu B bila faini, na siku utakapoacha kazi au bima hiyo kukatika utakuwa na miezi 8 ya kujiandikisha. Bima ya mwajiri wa mwenzako wa ndoa nayo inahesabika. Kama wafanyakazi hawafiki 20, Medicare ndiyo inayopaswa kulipa kwanza, kwa hiyo ukichelewa unaweza kujikuta bima ya kazini inakataa bili.

Angalia mitego hii. Bima ya COBRA, ile unayoendelea kuilipia baada ya kuacha kazi, haihesabiki kama bima ya kazini. Ile miezi 8 inaanza kukatika tangu siku ulipoacha kazi, hata kama COBRA yako bado iko hai. Bima ya HealthCare.gov, ile unayojinunulia kwenye soko la bima la serikali, nayo haikulindi na faini. Na kama unaweka fedha kwenye akaunti ya HSA, ile ya akiba ya matibabu isiyokatwa kodi, acha miezi 6 kabla ya kuomba Medicare, kwa maana Sehemu A inaweza kurudishwa nyuma hadi miezi 6 na fedha ulizoweka kipindi hicho zikatozwa kodi.

Nimechelewa. Nifanyeje?

Kuna dirisha la kila mwaka, 1 Januari hadi 31 Machi, na bima inaanza mwezi unaofuata ule uliojiandikisha. Lakini faini ya Sehemu B ni asilimia 10 kwa kila mwaka mzima uliochelewa, na inadumu maisha yako yote. Aliyechelewa miaka mitatu anaongezewa asilimia 30, yaani karibu dola 61 kila mwezi kwa bei ya 2026, na bei ikipanda faini inapanda nayo.

Sehemu D ina faini yake pia kwa aliyekaa siku 63 au zaidi mfululizo bila bima ya dawa inayokubalika. Wengine husema, "Mimi sinywi dawa yoyote." Hata hivyo nunua mpango wa bei ya chini kabisa.

Nichukue Medicare ya kawaida au Advantage?

Medicare ya kawaida inakupeleka kwa daktari yeyote anayeipokea, nchi nzima. Kwa ajili ya ile asilimia 20 unaweza kununua bima ya nyongeza inayoitwa Medigap. Advantage mara nyingi ina ada ndogo au haina kabisa juu ya ile ya Sehemu B, inaongeza meno na miwani, na ina kikomo cha fedha utakazotoa kwa mwaka. Badala yake unafungwa kwenye orodha ya madaktari wao, na vipimo vingi vinasubiri kibali cha kampuni.

Mzee mwenye kipato kidogo ambaye madaktari wake wote wamo kwenye orodha anaweza kufaidika na Advantage. Lakini kumbuka hili: una miezi 6 tu tangu Sehemu B ianze, ukiwa na miaka 65 au zaidi, ambapo kampuni ya Medigap haiwezi kukukataa kwa sababu ya ugonjwa. Miezi hiyo ikipita, katika majimbo mengi wanaweza kukuuliza presha, sukari na moyo, kisha wakakukatalia. Kwa hiyo kuingia Advantage ni rahisi, na kutoka baadaye ukiwa mgonjwa ni kugumu. Mipango hubadilishwa kila mwaka kati ya 15 Oktoba na 7 Desemba, ndipo simu na matangazo ya runinga yanapozidi. Usikubali chochote kwa simu. Medicare haipigi simu kuomba namba ya kadi yako.

Ni vitu gani haigharamii?

Medicare ya kawaida hailipi meno ya kawaida, miwani, vifaa vya kusikia, wala kuishi kwenye nyumba ya wazee. Watu wanasikia "siku 100" na kudhani nyumba ya wazee imo. Siku hizo ni za uuguzi wa kitaalamu baada ya kulazwa angalau siku 3 mfululizo, na kuanzia siku ya 21 unachangia.

Hizo siku 3 zina siri yake. Mama anaweza kulala kitandani hospitalini usiku nne, akavaa gauni la hospitali na kutundikiwa dripu, na bado kwenye makaratasi akawa "chini ya uangalizi" tu, hajalazwa. Hapo siku zake hazihesabiki. Kila siku muulize muuguzi: "Mama amelazwa rasmi, au yuko chini ya uangalizi?" Akipita saa 24 katika uangalizi, hospitali inapaswa kumpa taarifa ya maandishi. Usiisaini bila kuelewa, itisha mkalimani.

Nimewaleta wazazi wangu, wana miaka 70 na hawajafanya kazi hapa. Je?

Akiwa na green card, mzazi anatakiwa akae Marekani miaka 5 mfululizo kwanza. Akishatimiza anaweza kununua Sehemu B, na A pia, ila A bila robo za kutosha ni hadi dola 565 kwa mwezi mwaka 2026. Dirisha lake la miezi 7 linahesabiwa kutokana na mwezi anaotimiza hiyo miaka 5, kwa hiyo andika tarehe hiyo kwenye kalenda ya jikoni.

Siwezi kulipa dola 202.90. Kuna msaada?

Upo. Majimbo yana mipango ya kuwalipia wenye kipato kidogo ada ya Sehemu B. Ule unaoitwa QMB unabeba pia ile asilimia 20, na daktari haruhusiwi kukudai. Mwingine, Extra Help, unapunguza bei ya dawa. Kila jimbo lina washauri wa bure wa SHIP, ambao hawauzi bima. Medicare ni 1-800-633-4227, Social Security ni 1-800-772-1213. Ukipiga, sema "Swahili" na usubiri. Mkalimani ni bure, na mjukuu wa miaka 12 hatakiwi kubeba kazi hiyo.

Nikistaafu nataka kurudi Mombasa. Medicare itanifuata?

Hapana. Hailipi hospitali ya Mombasa, Dar wala Bukavu. Baadhi ya mipango ya Medigap, kama G na N, inalipa asilimia 80 ya dharura ndani ya siku 60 za kwanza za safari, ukishatoa dola 250, mpaka dola 50,000 kwa maisha yote. Hiyo ni ya matembezi, si ya kuhamia. Sehemu A isiyolipiwa iache ilivyo. Sehemu B ni uamuzi wako: ukiendelea kuilipa ukiwa Kenya huitumii, ukiiacha na baadaye ukarudi Marekani kutibiwa, utasubiri dirisha la Januari hadi Machi na miaka uliyokaa nje itahesabiwa kwenye faini. Mwenye ugonjwa wa moyo au saratani, na ambaye watoto wake wako Marekani, mimi ningemshauri aendelee kulipa.