Mrija umetoka, mbona maji yanamshinda?

Wakati wa UVIKO-19 wengi tulisikia habari za mgonjwa mahututi aliyekaa wiki mbili au tatu kwenye mashine ya kupumulia. Mrija wa plastiki uliopita kooni ukatolewa, ndugu wakashangilia, halafu muuguzi akakataza hata kikombe cha maji. Kwa nini?

Jibu langu la zamani lilikuwa jepesi: koo limechubuka, likipona atameza. Nilikuwa na kipimo pia: asipokohoa, anameza vizuri. Michubuko na uvimbe vipo kweli. Kipimo ndicho kilikuwa kosa, tena la hatari.

Tukisema mtu kapaliwa, tunamwona akikohoa hadi machozi yanamtoka. Lakini kikohozi si kupaliwa kwenyewe, ni kengele tu, na kengele hailii kama aliyewekwa kulinda hahisi kitu. Utando wa ndani wa zoloto (lango la njia ya hewa, zilimo nyuzi za sauti), ulioguswa na plastiki usiku na mchana, unaweza kufa ganzi. Hapo maji, au hata mate yake mwenyewe, huteremka kwenye njia ya hewa huku mgonjwa akikutazama kwa utulivu kabisa. Amepaliwa kimyakimya, na mapafu ambayo virusi vimeshayachosha yanaweza kupata nimonia.

Cha ajabu zaidi ni suala la muda. Koo ni njia panda ya hewa na chakula. Ukimeza, pumzi husimama kwa kama sekunde moja, zoloto hupanda (weka kidole kooni umeze mate, utalihisi likiruka), nyuzi za sauti hufunga, tonge hupita kwenda kwenye umio, yaani njia ya chakula, kisha mara nyingi pumzi hutoka, kana kwamba inapuliza mabaki. Ni kama kuvuka barabara yenye magari. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, yaani gari moja kila sekunde tatu hadi tano, na nafasi ya kuvuka ipo. Mapafu mabovu yakimlazimisha kupumua mara 30, magari yanapishana kila sekunde mbili. Na anayevuka ni nani? Ni mtu ambaye misuli yake imenywea kwa kulala bila kazi, na pengine dawa za usingizi hazijamwisha mwilini. Anafika katikati ya barabara pumzi ya kuingia imeshaanza, na tone linavutwa nayo.

Ndiyo maana maji, ambayo ningedhani ni rahisi kuliko vyote, ndiyo yanayosumbua: yanakimbia kabla lango halijafungwa. Vinywaji vilivyoongezwa uzito huenda polepole, ingawa ushahidi kwamba vinazuia nimonia ni hafifu.

Je, virusi vyenyewe huharibu neva za kumezea? Inawezekana, lakini ni vigumu kuvitenganisha na mrija, kwa kuwa aliyeugua sana ndiye pia aliyekaa nao muda mrefu. Mrija peke yake, ukizidi siku mbili, unajulikana kuleta tatizo hili hata kwa wasio na maambukizi. Wengi hupata nafuu baada ya wiki au miezi.

Anayepima, kwa kawaida, ni mtaalamu wa tiba ya usemi. Ndiyo, wa usemi, maana misuli mingi ni ileile. Hupitisha kamera nyembamba puani, akampa mgonjwa kijiko cha kinywaji chenye rangi. Kwenye skrini rangi inaonekana ikichuruzika katikati ya nyuzi za sauti, na mgonjwa, akiulizwa, anasema imeshuka vizuri.