Je, wajua kwa nini sanamu za George Rickey huyumba bila mota?

Tuseme marehemu mjomba wako aliwahi kuishi Marekani, akarudi Nairobi na nguzo ya chuma yenye mikono miwili mirefu. Sasa imesimama uani Lavington, na ni yako. Hata majani ya mgomba yametulia, lakini mikono ile inainama polepole, inapishana, inarudi. Watoto wanatafuta betri. Hakuna.

Rickey (1907–2002), mchongaji sanamu wa Marekani, alikuwa mjukuu wa fundi saa. Baba yake alikuwa mhandisi wa cherehani za Singer huko Uskoti, na huko ndiko kijana alikojifunza kuendesha mashua za tanga. Alianza kuunda sanamu za mwendo mwaka 1945, baada ya kushika vifaa vya karakana akiwa jeshini.

Mkono wa sanamu yake ni bamba la chuma kisichoshika kutu, lililokunjwa likabaki wazi ndani. Upande mrefu huchongoka kuelekea juu. Upande mfupi, chini ya mhimili (mahali mkono unapozungukia), hutiwa risasi, ile metali nzito. Risasi hiyo hupimwa mpaka kitovu cha uzito, yaani nukta ambapo uzito wote wa mkono husawazika, kikae chini ya mhimili, lakini kidogo mno. Kingeshuka sana, mkono ungerudi haraka kama timazi ya saa ya ukutani. Kingepanda juu ya mhimili, ungepinduka. Kwa kuwa nguvu ya kuurudisha ni ndogo, upepo usiousikia hata shavuni unatosha kuusukuma, nao hurudi kwa kujivuta.

 

Kwa hiyo usimwite fundi wa geti aipige rangi. Tabaka moja kwenye upande mrefu linaweza kukipandisha kitovu, na hapo ustadi wote umekwisha. Mkono ukikwama, kagua kwanza mhimili kama kuna vumbi au buibui.

Kama ni ya Rickey kweli, chungulia kitakoni: mara nyingi alichonga jina na mwaka, na namba kama 2/3 (ya pili kati ya tatu) ikiwa zilitengenezwa kadhaa. Ila jina huchongwa na yeyote mwenye patasi. Risiti, barua na picha za zamani ndizo zitakazokutetea siku ya kuuza au kukata bima, basi msichome faili za mjomba kabla ya kuzipekua.